Klabu ni ya Nani? Mashabiki wa Dar es Salaam na Wenye Timu Wasiotaka Kupanda

Timu isiyotaka kupanda daraja hujulikana mapema. Dirisha la usajili hufunguliwa na kufungwa bila jina jipya la maana. Mshambuliaji aliyefunga mabao mengi msimu uliopita huuzwa, na nafasi yake hupewa kijana wa mkopo. Kocha husaini mkataba wa msimu mmoja, mishahara huanza kuchelewa kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, na timu ikifika Februari ikiwa ya tatu, pointi chache nyuma ya vinara, husikika kwamba fungu limekwisha na wachezaji wawili watatu wameruhusiwa kuondoka. Shabiki aliyelipa kiingilio tangu mechi ya kwanza hubaki na swali moja: wenye timu hawa wanataka kupanda kweli?

Swali hilo huulizwa kila nchi inayocheza mpira, lakini katikati ya Dar es Salaam lina historia yake. Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Jangwani, yote ndani ya Kariakoo, ndiyo makao ya Simba na Yanga, klabu mbili zinazogawana mapenzi ya karibu nchi nzima. Kutoka hapo hadi Ilala, Magomeni na Mbagala si mbali, na katika maeneo hayo zimepita timu zilizopanda kwa shangwe, zikashuka, kisha zikasahaulika. Historia ya makundi hayo mawili, ikisomwa kwa pamoja, inaonyesha ari ya mwenye timu hutokana na nini: anamiliki kitu gani, anafaidika vipi timu ikipanda, na nani ana nguvu ya kumhoji ikibaki palepale.

Ngazi yenyewe

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Chini yake iko Championship, nayo ya timu 16, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Inafuata First League, zamani Daraja la Pili, halafu Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ligi za mikoa na za wilaya. Timu mbili za juu za Championship hupanda moja kwa moja, na mbili za mwisho za Ligi Kuu hushuka. Timu za nafasi ya 13 na 14 huchezeana mchujo. Inayoshinda hubaki, inayoshindwa hukutana na timu iliyopenya kutoka Championship, na mshindi wao ndiye anayecheza Ligi Kuu msimu unaofuata.

Mlango ni mwembamba. Timu 16 hugombea nafasi mbili za uhakika na moja ya bahati nasibu. Anayetaka kupita lazima atumie fedha mapema, na akikosa, fedha hairudi.

Wenye timu ni akina nani

Klabu za Tanzania zina wenyewe wa aina nne, na kila aina ina ari yake.

Aina ya kwanza ni klabu ya wanachama. Mwanachama ana kadi, hulipa ada, huhudhuria mkutano mkuu na kupiga kura. Yanga ilianzishwa hivyo tarehe 11 Februari 1935. Mwaka uliofuata wenzao waliojitenga waliunda timu nyingine, iliyoitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Hakuna tajiri aliyezinunua klabu hizo siku ya kuzaliwa kwazo. Zilikuwa mali ya vijana wa mjini waliotaka kitu chao wenyewe ndani ya mji uliotawaliwa na wengine. Coastal Union ya Tanga, na Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya, zina asili kama hiyo.

Aina ya pili ni timu ya taasisi: jeshi, polisi, magereza, kiwanda. Humo zimo JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa ya Kigoma, na timu za viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kagera. Timu ya taasisi haihangaiki sana na mshahara wa mwezi, na Mtibwa Sugar ilithibitisha uwezo wake kwa kutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000. Udhaifu wake ni kwamba uhai wake umo mikononi mwa taasisi mama. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufa, timu kama Sigara ya Dar es Salaam, Reli ya Morogoro, RTC Kagera na Pamba ya Mwanza zilipoteza nguzo iliyokuwa imezishika. Uamuzi ulifanyika ofisini, na shabiki hakuwa na kiti katika kikao.

Aina ya tatu ni timu ya halmashauri. Mbeya City, Dodoma Jiji na KMC ya Kinondoni zimetokana na fedha na usimamizi wa serikali za mitaa. KMC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018 na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya nne, hatua iliyoipeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Hata hivyo, kila shilingi ya halmashauri ina mwombaji mwingine. Diwani ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zinunue mshambuliaji wakati zahanati haina dawa, na jibu la swali hilo hubadilika kila baraza jipya linapoingia.

Aina ya nne ni timu ya mtu au kampuni. Mfano wake bora ni Azam FC, timu ya kundi la makampuni ya Bakhresa, iliyoanza kama timu ya wafanyakazi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi na kituo cha kukuza vijana, na ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Katika aina hii tajiri akitaka timu ipande, hakuna kikao cha kumchelewesha. Akiacha kutaka, hakuna kikao cha kumzuia.

Kwa nini mwenye timu asitake kupanda

Kwa shabiki, timu kupanda ni heri tupu. Kwa anayelipa gharama, kupanda huja na mzigo ambao lazima aupime.

Mzigo wa kwanza ni safari. Timu ya Dar es Salaam iliyo Ligi Kuu hucheza Mwanza na Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, pamoja na Mbeya, Tabora na kokote kwingine ratiba inakopeleka. Kila safari ni basi au ndege, hoteli, chakula na posho za watu wasiopungua 25. Mzigo wa pili ni usajili, kwa sababu kikosi kilichotosha Championship mara nyingi hakitoshi juu. Wa tatu ni masharti ya leseni ya klabu: uwanja unaokubalika, timu ya vijana, watendaji wa kuajiriwa, hesabu zilizokaguliwa.

Upande wa mapato hali imekuwa bora kuliko zamani. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Mgao huo umezipa timu ndogo uhakika ambao wazee wao hawakuujua. Lakini fedha hizo ziko juu ya ngazi. Aliye Championship hutumia kwanza, akiomba zije.

Baadhi ya wenye timu huona ni nafuu kusubiri pale walipo. Timu ya daraja la pili kutoka juu humpa mwenyewe heshima mtaani, jina redioni na nafasi ya kusalimiana na wakubwa, vyote kwa gharama ndogo. Kwa mwingine timu ni duka. Vijana huokotwa kwenye viwanja vya mchanga na mashindano ya mitaani ya Ndondo, huonyeshwa msimu mmoja, kisha huuzwa. Duka la aina hiyo halihitaji kupanda ili liingize faida, na mwenye duka huuza kilicho bora kabla hakijaisaidia timu kushika nafasi ya pili.

Iko sababu nyingine ambayo watu wa Dar es Salaam huitaja kwa sauti ya chini. Viongozi wengi wa timu ndogo za jiji ni watu wa Simba au wa Yanga tangu utotoni. Timu ndogo inapopanda, hukutana na timu ya moyo wa kiongozi wake. Hapo shabiki huanza kupima kila badiliko la mchezaji na kila kosa la kipa. Shaka ya namna hiyo haihitaji kuthibitishwa ili iumize. Inatosha kwamba kiongozi amewahi kuonekana na jezi ya upande fulani.

Hata timu zikishapanda, dalili za ari ndogo huendelea. Timu ndogo inapokuwa mwenyeji wa Simba au Yanga, mara nyingi mchezo huhamishiwa uwanja wa mkoa mwingine ambako watu wana kiu ya kuwaona vigogo na mapato ya mlangoni yatakuwa makubwa. Kwa mhasibu ni uamuzi wa busara, kwani mechi hizo mbili huweza kulipa mishahara ya miezi. Kwa shabiki wa nyumbani ni kunyang'anywa siku kubwa kuliko zote za msimu. Timu yake inacheza ugenini nyumbani kwake, mbele ya umati uliovaa rangi za mgeni.

Timu za mjini zilizobaki nyuma

Orodha ya mabingwa wa Bara ni ushahidi kwamba Dar es Salaam haikuwa daima mji wa timu mbili. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Mwaka 1967 bingwa alikuwa Cosmopolitan, timu ya Dar es Salaam ambayo vijana wengi wa leo hawajui kwamba iliwahi kukaa juu ya Yanga na Sunderland. Mwaka 1982 ikawa zamu ya Pan African, iliyozaliwa na mgogoro mkubwa wa Yanga katikati ya miaka ya 1970, pale kundi la wanachama na wachezaji lilipoondoka na kuanzisha nyumba yao. Kwa muda Kariakoo ikawa na watani watatu, na watu wazima wa mjini bado huikumbuka Pan kwa soka la pasi fupi na chenga.

Timu zote mbili zilishuka, na kwa miaka mingi zimehangaika madaraja ya chini. Klabu ya wanachama huishi kwa ada na kiingilio, na wanachama wa Pan na Cosmo walizeeka bila kurithiwa. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo miaka ya 1990 alikuta chaguo ni nyekundu ya Simba au kijani cha Yanga. Wafanyabiashara wa sokoni, ambao michango yao ndiyo iliyolisha mpira wa mjini kwa miongo mingi, walipeleka fedha kwenye timu zilizoandikwa magazetini. Uongozi wa klabu iliyobaki bila watu ulikosa wa kumwogopa na wa kumchangisha kwa wakati mmoja.

Ashanti United ya Ilala ilikuja kwa njia nyingine. Hii ilikuwa timu ya watu wa soko, na mashabiki waliiita "wauza mitumba" kwa fahari. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2013, ikashuka mwaka 2014. Msimu mmoja ulitosha kuonyesha kwamba bidii ya soko la nguo, ikiwa peke yake, hailipi ligi ya nchi nzima.

African Lyon inaonyesha upande wa timu ya mtu binafsi. Ilianza kama Mbagala Market, jina linalojieleza. Ilipofika Ligi Kuu mwaka 2009 ilinunuliwa na mfanyabiashara Mohamed Dewji, ikapewa jina jipya, kisha baadaye ikabadili mikono tena. Ilishuka 2013, ikapanda 2016, ikashuka 2017, ikapanda 2018, ikashuka 2019. Katika miaka 10 ilionja karibu kila kitu ambacho ngazi inaweza kutoa, isipokuwa umati. Jina la Mbagala lilipofutwa, watu wa Mbagala walipoteza sababu ya kuiita yao, na mwenye timu aliyekuja baadaye alirithi nafasi ya ligi isiyo na mtaa.

Pamba ya Mwanza iligeuza mkondo. Ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, lakini jiji halikuacha kuiita Pamba. Uongozi wa mkoa na halmashauri ya jiji ulipoamua kuibeba, chini ya jina Pamba Jiji, ulikuta mapenzi yapo yanasubiri, na mwaka 2024 timu ikapanda. Ng'ambo ya mpaka, Shabana ya Kisii ilirudi Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya miaka 17, ikibebwa na mashabiki waliojaza viwanja hata ilipokuwa daraja la chini. Timu hizo zilikuwa na watu kabla hazijawa na fedha, na watu hao ndio waliofanya kila kiongozi aone aibu kuziacha pale zilipo.

Daraja linaponunuliwa

Mwenye fedha asiye na subira ya kupanda ngazi ana njia fupi: kununua timu iliyokwisha kupanda. Katika soka la Tanzania njia hiyo imekuwa ya kawaida, na ni chanzo cha uchungu wa aina ya pekee.

Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, katikati ya mashamba ya mpunga. Uwanja wake wa Highland Estates, Ubaruku, ulikuwa mdogo na mgumu kwa wageni. Novemba 2022 Yanga ilifika hapo ikiwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, na Ihefu ikashinda 2-1. Kwa wilaya ya wakulima ile ilikuwa siku ya kusimuliwa kwa wajukuu. Mwaka 2024 timu ilibadili wenyewe, ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Timu iliyokuwa Singida, Singida Fountain Gate, nayo ikaondoka na kuwa Fountain Gate, yenye makao Babati, mkoani Manyara. Ndani ya mwaka mmoja mashabiki wa mikoa miwili waliamka na kukuta timu waliyoizoea haipo, au iko na jina jingine.

Kisheria mnunuzi hakuiba kitu. Nafasi ya ligi ilikuwa mali ya aliyeiuza. Ila Mbarali walichokipenda hakikuwa nafasi ya ligi. Uingereza ilipitia jambo hilohilo klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa kuhama London kwenda Milton Keynes. Mashabiki waliobaki waliunda AFC Wimbledon mwaka 2002, wakaanzia madaraja ya chini, na kufikia mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi ya kulipwa. Waliweza kwa sababu walianza kwa kujiandikisha, na kila mmoja akawa na kura.

Msimbazi na Jangwani

Simba na Yanga hazijui kushuka daraja, hivyo hasira za mashabiki wao hupimwa kwa ngazi nyingine: ubingwa wa nchi na mafanikio ya Afrika. Kiini ni kilekile. Shabiki anataka mwenye timu awe na njaa kama yake.

Jangwani walijifunza mwaka 2017 maana ya timu kumtegemea mtu mmoja. Yusuf Manji alikuwa mfadhili kisha mwenyekiti wa Yanga, na chini yake timu ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo hadi msimu wa 2016/17. Mwaka 2016 alipendekeza kuikodi timu na nembo yake kwa miaka 10. Wanachama walio wengi mkutanoni walikubali, mamlaka za michezo zikahoji, na mpango haukutekelezwa. Alipojiuzulu Mei 2017, chemchemi ilikauka. Wachezaji walidai mishahara, nyota wakaondoka, na Yanga ikaanza kile ambacho watani walikiita kutembeza bakuli: mashabiki wakituma michango kwa simu, elfu moja moja, elfu mbili mbili, ili timu isafiri. Kocha Mwinyi Zahera, aliyekuwapo kati ya 2018 na 2019, aliongoza kampeni hiyo waziwazi.

Bakuli lilidhihakiwa sana, lakini lilistahili heshima. Kwa misimu minne Simba ikitwaa ubingwa, mama wa genge na kijana wa bodaboda waliihudumia timu yao bila kuahidiwa chochote. Klabu isiyo na watu wa namna hiyo ingekufa, kama zilivyokufa nyingine nyingi mjini. Baadaye kampuni ya GSM iliingia kusaidia usajili, katiba ikabadilishwa mwaka 2021, na msimu wa 2021/22 Yanga ikawa bingwa bila kufungwa. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikaikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger.

Msimbazi historia ilikwenda kinyume. Simba ilikaa misimu mitano bila ubingwa, kuanzia 2012/13, na uchovu huo ndio uliowafanya wanachama wakubali mageuzi. Desemba 2017 Dewji, yuleyule aliyewahi kuinunua African Lyon, alitangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Vikombe vinne vya ligi vilifuatana, pamoja na robo fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika. Baada ya msimu wa 2020/21 mkondo ukageuka. Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1 na mtani wake, na kilichofuata kilikuwa hasira ya mitaa yote. Mashabiki walitaka kujua nani anasajili, kwa fedha ipi, na kwa nini mchakato wa hisa uliochukua miaka haujafungwa. Katikati ya mwaka 2024 wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu na Dewji akarejea kuiongoza bodi hiyo. Msimu uliofuata Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kushindwa na RS Berkane ya Morocco.

Tofauti kati ya hasira hii na ile ya shabiki wa Ashanti au Lyon iko kwenye matokeo yake. Kariakoo ikikasirika, bodi hujiuzulu, kocha huondoka, tajiri hurudi mezani. Shabiki wa timu ndogo akikasirika, hukaa nyumbani, na kiti chake kitupu hakibadili chochote.

Asilimia 51

Mageuzi ya Simba yalipoanza, mpango wa awali ulikuwa kumpa mwekezaji hisa nyingi kuliko wanachama. Serikali iliweka mpaka: katika klabu za wanachama, asilimia 51 zibaki kwa wanachama na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Ujerumani ina kanuni inayofanana nayo, inayotaka wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura, na ndiyo sababu klabu nyingi za huko haziwezi kuuzwa wala kuhamishwa kwa matakwa ya mtu mmoja.

Mpaka huo unalinda nyumba, lakini haulishi familia. Mwenye asilimia 51 asiyejua mapato na matumizi ana karatasi tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na historia ya klabu za Kariakoo imejaa mali zilizoisha hivyo: mapato ya mlangoni yasiyojulikana yalikoishia, majengo yaliyochakaa katikati ya eneo la biashara lenye thamani kuliko karibu yote nchini, jezi bandia zilizouzwa kwa miaka mitaa michache kutoka makao makuu ya klabu zenyewe. Mageuzi ya miaka ya karibuni yameanza kuziba matundu hayo kwa usajili wa wanachama wa kidijitali, mikataba ya jezi na watendaji wa kuajiriwa. Ni kazi ya polepole, na ndiyo inayompa mwanachama uwezo wa kudai ari kwa hesabu badala ya kelele.

Kilicho mikononi mwa shabiki

Shabiki hana uwezo wa kumlazimisha mwenye timu kutoa fedha asizokuwa nazo. Anachoweza ni kudai ukweli na kujipa haki ya kudai.

Hatua ya kwanza ni kadi. Anayelipa kiingilio ni mteja. Anayelipa ada na kuhudhuria mkutano mkuu ni mwenye nyumba. Klabu nyingi ndogo za mjini zina watu wanaosema wanazipenda, lakini daftari la wanachama halijai ukurasa. Uongozi unaochaguliwa na watu 40 huwajibika kwa watu 40.

Ya pili ni kusoma katiba kabla ya kuipigia kura. Vifungu vinavyohusu nani anaweza kuuza nafasi ya ligi, kubadili jina, rangi na mkoa wa timu, ndivyo vinavyoamua kama yaliyoipata Mbarali yanaweza kutokea mahali pengine. Vikiandikwa kwamba mambo hayo yanahitaji theluthi mbili ya wanachama, mnunuzi atalazimika kuzungumza nao.

Ya tatu ni kuuliza maswali yenye majibu. "Mna ari?" ni swali ambalo kila kiongozi hulijibu ndiyo. Maswali yanayofaa ni machache na magumu: fungu la msimu ni kiasi gani na limetoka wapi, mikataba mingapi ya wachezaji wa kikosi cha kwanza inaisha Juni, mchezaji aliyeuzwa aliingiza nini na fedha ilinunua nini, timu ikipanda, safari za msimu wa kwanza zitalipwa na nani. Kiongozi anayetaka kupanda atakuwa ameyajibu kichwani mwake kabla hajaulizwa. Asiyetaka atajulikana kwa jibu lake.

Ya nne ni ngumu kuliko zote, na ni ya mashabiki wa Dar es Salaam hasa. Jiji la mamilioni ya watu linalopenda mpira kuliko jambo jingine lolote limeruhusu mitaa yake iwe watazamaji wa klabu mbili. Kijana wa Magomeni anaweza kubaki Simba wa damu na bado akawa na kadi ya timu ya mtaani kwake, akaifuata Jumamosi kwenye uwanja wa karibu, akaichangia elfu mbili kama wale walioichangia Yanga wakati wa bakuli. Cosmopolitan na Pan African zilikuwa mabingwa zilipokuwa na watu wa namna hiyo. Zilipowapoteza, hakuna aliyebaki wa kuwaambia viongozi wao kwamba daraja la chini si mahali pao.